Noeli ya mikono yetu, Januari bila deni

Noeli inakaribia, na nyuma yake inafuata Bonane. Kabla watoto hawajaanza kuuliza "Mama, mwaka huu tutapata nini?", tunataka tuketi pamoja, tuongee juu ya mapambo na kado ambazo tunaweza kuzitengeneza nyumbani kwa vitu tulivyo navyo.

Lakini hatuanzi na mkasi wala uzi. Tunaanza na fedha, kwa sababu ndiyo inayotukosesha usingizi.

Desemba na sanduku

Desemba ni mwezi ambapo AVEC nyingi zinafungua sanduku na kugawana akiba ya mwaka mzima. Njia hii ya kuweka akiba katika kikundi ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ikasambaa Afrika nzima, na leo hakuna mtaa wa Goma usioijua. Uzuri wake ni kwamba mama aliyeweka kidogo kidogo anashika fedha ya maana siku moja. Hatari yake ni kwamba siku hiyo inaangukia katikati ya mwezi ambao soko lote linamngojea: viatu vya watoto vimepangwa, nguo zinaning'inia, mapambo ya kung'aa yamejaa mezani, na muziki wa Noeli unapigwa tangu asubuhi.

Asiye na sanduku anaenda kwa wenye kukopesha mtaani, wale tunaowaita Banque Lambert. Mara nyingi anayechukua dola 20 anatakiwa kurudisha 30 mwezi ukiisha. Tangu mwisho wa Januari 2025, benki za mji wetu zilipofunga milango, mlango huo wa deni umezidi kuvuta watu. Basi mama ananunua furaha ya siku moja, halafu Januari inamkuta hana kodi ya nyumba, hana minervali ya mtoto wa sekondari, na hana mtaji wa kurudi sokoni na kilo zake za maharagwe. Tunajua vikundi ambamo mama aliacha kuja kikaoni mwezi wa kwanza kwa ajili ya haya ya deni. Hilo ndilo jambo kubwa katika habari hii ndogo ya karatasi na vitambaa.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni moja: siku ya kugawana, kabla ya kupita sokoni, gawa fedha yako katika bahasha tatu. Ya kwanza ni ya Januari, na hiyo ifungwe kwanza. Ya pili ni ya chakula cha sikukuu. Ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote, ni ya kado na mapambo. Mikono yetu ndiyo itakayojaza pengo la bahasha ya tatu.

Si kila kitu cha mkono ni rahisi

Tuseme ukweli huu mapema. Kuna vitu vya kutengeneza nyumbani vinavyogharimu kuliko vya sokoni. Ukinunua karatasi za rangi, kola ya chupa, unga wa kung'aa na riboni, umeshamaliza fedha ambayo ingenunua pambo lililo tayari. Tena kuna gharama ya saa. Mama anayeuza samaki Kituku akikaa nyumbani siku mbili akishona maua, amepoteza faida ya siku mbili.

Basi kabla ya kuanza kitu chochote, jiulize maswali matatu. Je, vifaa vyake viko nyumbani au kwa jirani, bila kununua? Je, kinaweza kutengenezwa jioni, au na watoto, au huku unalinda sufuria? Je, kikimalizika kitakuwa na heshima, yaani mtoto hataona haya kukionyesha? Kikipita maswali yote matatu, kitengenezeni. Kikianguka kwenye moja, kiacheni.

Swali la heshima ndilo zito. Mtoto wa jirani atavaa nguo mpya na kupita nayo barabara nzima. Wako atakuwa na kitu kilichotengenezwa na mama yake. Kinachomtia mtoto haya si kwamba kitu kimetoka nyumbani. Kinachomtia haya ni uzi unaoning'inia, ukingo usiokunjwa, kola iliyochuruzika. Kwa hiyo tumieni muda mwingi kwenye kumalizia. Kata nyuzi zote, piga pasi, kunja ukingo mara mbili. Tena mshirikisheni mtoto katika kazi yenyewe. Mtoto aliyechagua rangi ya kitambaa hasemi "mama alikosa fedha", anasema "mimi na mama tulifanya hii."

Mapambo ya nyumba

Kola kwanza. Msinunue. Chukua vijiko 2 vya unga wa muhogo, uvikoroge katika maji baridi kidogo mpaka visiwe na madonge. Chemsha glasi moja ya maji, mimina ule mchanganyiko ndani yake huku ukikoroga bila kuacha, mpaka uwe mzito na kung'aa. Ondoa motoni, acha upoe. Inashika karatasi na vitambaa vyembamba vizuri sana. Inakaa siku mbili au tatu. Ikianza kunuka, itupe. Na kwa sababu mende na panya wanaipenda, mapambo ya kola hii yatundikwe juu.

Minyororo ya karatasi. Madaftari ya mwaka uliopita, kalenda iliyokwisha, na mifuko ya sementi. Mji wetu unajengwa kila siku, mifuko hiyo haikosekani, na karatasi yake ya kahawia ni ngumu na nzuri. Ila tahadhari: kung'uteni nje, mbali na watoto, tumieni zile karatasi za katikati tu, na muzipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu vumbi la sementi linaunguza macho na ngozi. Kata vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja, kunja cha kwanza kuwa pete, bandika, pitisha cha pili ndani yake, endelea. Watoto wa miaka mitano wanaweza kazi hii. Mistari ya kalamu ya daftari isiwasumbue: pakeni rangi ya maji ya majani ya chai.

Nyota za vijiti. Tafuta vijiti 6 vyembamba vilivyo sawa kwa urefu. Vijiti vya mishikaki vilivyooshwa vinafaa, au mabua. Funga vitatu kuwa pembe tatu, na vitatu vingine vivyo hivyo. Laza pembe tatu moja juu ya nyingine, ncha ya moja ikitazama juu na ya nyingine ikitazama chini, kisha funga mahali pote vinapokutana kwa uzi au kwa kamba ya mgomba mkavu. Hiyo ni nyota ya ncha sita. Ikizungushiwa vipande vyembamba vya kikwembe, inapendeza mlangoni.

Maua ya chupa. Chupa za soda za plastiki zina kitako chenye matuta matano, kama ua. Kata kitako hicho kwa mkasi mkali, na hiyo iwe kazi ya mtu mzima. Lainisha ukingo kwa kuugusisha haraka kwenye pasi yenye moto ukiwa umetanguliza kitambaa kati yake, toboa katikati, pitisha uzi. Rangi ya kucha iliyobaki kidogo chupani inatosha kwa maua kadhaa.

Kwa habari ya plastiki, tukumbuke jambo lililotokea upande wa pili wa ziwa letu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 taka za plastiki zilizosafiri juu ya ziwa Kivu ziliziba mtambo wa umeme wa Ruzizi, na Bukavu ikakaa gizani. Katika mji huohuo mwanamke kijana, Nicole Menemene, alianzisha kazi iitwayo Plastycor, ya kuokota plastiki hizo na kuzigeuza vikapu, viti vidogo na vyungu vya maua. Chupa tunazozitupa mtaroni huko Birere zinaelekea ziwani vilevile. Ua moja la chupa haliokoi ziwa, lakini mtoto aliyetengeneza ua hilo hatupi chupa yake mtaroni kesho yake.

Mti. Tunawasihi: msikate mti mbichi, na msinunue tawi kwa mtu msiyejua amelitoa wapi. Mbuga yetu ya Virunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1925, imepoteza miti mingi sana kwa makala na kuni. Isipoteze mingine kwa mapambo ya siku kumi. Chukueni tawi la mkaratusi lililopunguzwa kwenye uwanja wa jirani, hata likiwa kavu. Lisimamisheni katika kopo kubwa la maziwa lililojazwa mawe ya volkano, ambayo kwetu ni bure mlangoni. Tundikeni minyororo na nyota. Bonane ikipita, tawi linaingia jikoni na kupika maharagwe. Hakuna kilichopotea.

Habari ya moto

Hapa tunaomba kila mama asome mara mbili, na ambaye mwenzake hajui kusoma amsomee.

Nyumba nyingi za mji wetu ni za mbao, kwa kuwa tunajenga juu ya mawe ya volkano na kwa kuwa mbao ni rahisi. Nyumba zimebanana. Moto ukishika moja, unakula mstari mzima kabla maji hayajafika. Sasa fikirini nyumba ya mbao yenye minyororo ya karatasi, tawi kavu, na buji inayowaka mezani wakati umeme umekatika. Pambo zuri kuliko yote halistahili hatari hiyo.

Kwa hiyo: buji isikae karibu na pambo lolote, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Nyaya za umeme zilizochubuka zisifungwe kwenye mti. Taa ndogo za kununua, kama mnazo, zizimwe kabla ya kulala. Mkitaka mwanga bila moto, chukueni ile karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti za biskuti na za maziwa ya unga, ioshwe, ikatwe nyota ndogondogo, itundikwe karibu na dirisha au mbele ya taa ya jua. Nyota zinazunguka zenyewe kwa upepo na kurusha mwanga ukutani. Watoto wanaipenda kuliko buji.

Kado kwa kila mmoja

Kwa msichana mdogo: mtoto wa kitambaa. Ombeni vipande vya vikwembe kwa fundi wa nguo. Mafundi wengi wanavitupa au kuvichoma. Chora umbo la mtu kwenye katoni, urefu wa kiganja na nusu, shingo isiwe nyembamba sana. Kata vitambaa viwili kwa umbo hilo, viweke uso kwa uso, shona kuzunguka kwa mishono midogo, acha tundu la vidole viwili ubavuni. Geuza, jaza kwa vipande vidogo, ziba tundu. Nywele ziwe za uzi mweusi wa sufu, mrefu, ili msichana aweze kumsuka. Macho yatiwe kwa uzi, si kwa vifungo: kifungo kikichomoka, mtoto chini ya miaka mitatu anaweza kukimeza na kukabwa.

Kwa mvulana: mpira wa sashe, lakini uliotengenezwa vizuri. Wavulana wetu wanajua kuusuka. Kazi ya mama ni kuuvika. Sashe zioshwe, zikunjwe kwa nguvu, zifungwe kwa kamba. Kisha mshonee ganda la jeans la zamani, vipande sita vyenye umbo la jani, vikutane juu na chini. Mpira huo haupasuki juu ya mawe ya mji wetu, ambayo yanaua mpira wa dukani kwa siku mbili. Sashe zenyewe zimekatazwa na sheria: Congo ilitoa amri Desemba 2017, na jirani zetu wa Rwanda walikataza tangu 2008, kama wajuavyo wale waliowahi kunyang'anywa sashe kwenye mpaka wa Gisenyi. Afadhali zile zilizokwisha kuingia nyumbani zifungwe ndani ya mpira kuliko kuzagaa mtaani.

Kwa bibi: vishika-sufuria viwili. Tabaka tatu za pamba nzito au jeans, juu yake kikwembe kizuri, zishonwe kwa mistari ya kukatana. Msitumie nailoni, inayeyuka na kushikamana na mkono. Na babu asisahauliwe: karanga zilizokaangwa polepole juu ya majivu ya moto, zikafungwa kwa karatasi safi yenye umbo la pembe, ni kado inayomrudisha ujana wake.

Kwa mwalimu, kwa jirani, kwa mama aliyekusaidia ulipozaa: kifuko cha kikwembe chenye kamba ya kuvuta, ndani yake kafe ya Kivu iliyokaangwa nyumbani, au kipande cha fromage ya Masisi kilichofungwa vizuri. Kidogo chenye kufungwa kwa upendo kinasema mengi.

Kwa mama, kutoka kwa watoto: karatasi ya ahadi. Mtoto anaandika kwenye karatasi aliyoipamba: "Nitakuchotea bidoni mbili za maji kila asubuhi kwa siku saba," na anatia jina lake. Wanawake wote wanaoshuka ziwani au kupanga mstari kwenye bomba wanajua thamani ya kado hiyo. Sharti ni moja: ahadi iwe ndogo na itimizwe. Baba naye aombwe ya kwake.

Daftari la jamaa

Kuna kado moja ambayo haihitaji fedha yoyote isipokuwa daftari, nayo tunaiona kuwa bora kuliko zote.

Sisi watu wa Goma tumekimbia mara nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, na siku tano baadaye mitaa kumi ikaamriwa kuhama kwa saa chache. Wengine wametoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo kwa ajili ya vita, wakiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Katika kukimbia huko, picha, vyeti na barua vilibaki nyuma. Wapo watoto wa darasa la sita ambao hawajui jina la bibi wa mama yao wala kilima alichozaliwa.

Basi mwaka huu, jioni za Desemba, mwulizeni bibi na babu. Mtoto anayejua kuandika awe mwandishi. Ukurasa wa kwanza: majina ya wazazi, wa babu na bibi, wa waliotangulia, na mahali walipozaliwa. Wa pili: hadithi ambayo bibi alisimuliwa utotoni. Wa tatu: jinsi jamaa ilivyofika Goma, na nani aliwapokea usiku wa kwanza. Wa nne: chakula cha nyumbani na namna ya kukipika. Wa tano: mithali za bibi. Ndugu mdogo achore picha. Ganda la daftari livikwe kikwembe kwa kola ya muhogo, na likauke chini ya jiwe zito siku nzima. Mama ambaye simu yake ina kamera apige picha kila ukurasa na kuutuma kwa ndugu wa Butembo, wa Kampala, wa Ulaya, ili hata daftari likipotea, maneno yabaki.

Kuna mambo ambayo bibi hatapenda kuyasema. Msimlazimishe. Ukurasa mweupe nao una heshima yake.

Je, tunaweza kuuza?

Wengi wameuliza swali hili kikaoni. Jibu letu: ndiyo, lakini kwa hesabu.

Tuchukue mfano wa Kampala, katika mtaa uitwao Acholi Quarter. Wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda waliishi hapo kwa kuponda mawe kwa malipo madogo sana. Walijua kuviringisha vipande vya karatasi ya magazeti kuwa shanga: kipande chembamba chenye umbo la pembe tatu ndefu kinazungushwa kwenye sindano kuanzia upande mpana, kinabandikwa, kinapakwa vanishi. Walikosa mnunuzi. Mwaka 2004 wageni waliona shanga hizo, wakazipeleka Marekani, na kazi iitwayo BeadforLife ikazaliwa. Hapa kwetu Goma pia, hospitali ya HEAL Africa iliwafundisha wanawake kushona mifuko na vitu vingine katika mpango wa Healing Arts, ili wanaopona watoke na ufundi mkononi.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, karatasi ilikuwa bure, lakini kazi ilihitaji iwe sawa: shanga ya mia iwe kama ya kwanza. La pili, mnunuzi alitafutwa kabla ya kutengeneza vingi. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuuza vishika-sufuria au nyota mwaka huu kisitengeneze mia moja. Kitengeneze kumi, kiwaonyeshe watu wa parokia, wa msikiti, wa shule, wa ofisi, kichukue maombi, halafu ndipo kishone. Bei iwe na vitu vitatu ndani yake: vifaa, saa za kazi, na usafiri. Mama anayesahau saa zake anajiuzia mwenyewe kwa hasara. Na ninyi mama wenzetu Waislamu, mambo haya yote yanafaa kwa Idi vilevile. Vifuko vya vikwembe vyenye tende ndani havina msimu.

Majuma manne ya kazi

Mkifanya peke yenu mtachoka. Mkifanya kumi kumi, itakuwa starehe. Mfano: wamama kumi, kila mmoja atoe franka 1.000. Hizo ni franka 10.000 za uzi, sindano na unga kidogo wa muhogo, zinunuliwe mara moja na mtu mmoja, naye alete hesabu mbele ya wote. Mama mwenye mkasi mzuri aje nao. Mwenye mashine ya kushona awashonee wenzake mishono mirefu, nao wamlindie watoto. Aliyehamishwa na vita ambaye hana cha kutoa asiombwe franka. Aje na mikono yake, na aondoke na kado kama wengine.

Juma la kwanza: kukusanya na kuosha. Vitambaa, karatasi, chupa, sashe.

Juma la pili: kushona. Watoto wa kitambaa, mipira, vishika-sufuria. Watoto wako kwenye mitihani, kwa hiyo kazi hii ni ya wamama peke yao, na siri itatunzwa vizuri zaidi.

Juma la tatu: daftari la jamaa, jioni baada ya chakula.

Juma la nne: watoto wako likizoni. Minyororo, nyota, maua, na kusimamisha mti. Kola ipikwe siku hiyohiyo.

Na bahasha ya Januari? Bado imefungwa. Mama mmoja awe mlinzi wa mwenzake: wawili wawili, kila mmoja amuulize mwenzake kila Jumapili, "Bahasha iko?" Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai kamwe. Desemba ndiyo tundu letu, tulizibe pamoja.

Juma lijalo tutaongea juu ya chakula cha sikukuu kwa jamaa ya watu wanane. Kwenye kikao kijacho, kila kikundi kilete kitu kimoja kilichokimaliza, tukishike, tukivute mishono, tuone kama kinastahimili mikono ya mtoto wa miaka minne. Kitakachostahimili, tutawafundisha na wengine.

Mbaki na amani, ninyi na nyumba zenu.